Makopo Mawili ya Lehemu

Machi 3

Leo ni mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke nyumbani, na mvua imeanza. Nimenunua daftari hili kwa sababu kichwa kimejaa na hapa sina wa kumsimulia ila Redio, na ukimsimulia Redio umeusimulia mtaa mzima.

Redio ni seremala. Jina hilo hakuzaliwa nalo, amelipata kwa mdomo wake. Katika karakana hii tuko watatu: yeye anayetengeneza meza na masanduku ya mbao, mimi ninayekata, kupiga tupa na kuosha, na Fundi mwenyewe, ambaye hana jina lingine. Hata mke wake humwita Fundi.

Kazi yenyewe nikimweleza mtu wa nyumbani atasema nimepata wazimu. Tunajenga madaraja ya reli, ya shaba ya njano, madogo ya kuwekwa mezani. Si vitu vya kuchezea watoto. Kila nguzo na kila ribiti inayoshika vyuma kwenye daraja la kweli lazima iwepo na kwetu, ila ribiti yetu ni ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Nilikuwa nabeba zege kwenye majengo mpaka mgongo ukakataa. Mwaka huu ulipoanza nikapata hii kazi ya kukaa, nikadhani nimepumzika. Sasa mgongo umenyamaza, yanayouma ni macho na vidole.

Tunalojenga sasa ni mfano wa daraja la zamani la mtoni, ambalo watu wa reli watalibomoa. Wanataka mfano wake ukae kwenye ukumbi wa stesheni, watu wasilisahau. Likikamilika litakuwa na urefu wa vitanda viwili vilivyounganishwa. Tunalikabidhi mwisho wa Aprili. Nimemwambia Mama Watoto: tukikabidhi leo, kesho niko kwenye basi. Mwanzo wa Mei niko nyumbani.

Kinachoningoja huko ni paa. Mabati mapya yameegemea ukuta tangu mwaka jana. Nilimwambia asimwite mtu yeyote, nitayapiga mwenyewe.

Machi 6

Mvua. Kutwa nzima kukata vipande vya mbavu za daraja.

Machi 9

Fundi ana roho mbaya. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ninavyoona.

Kabla ya kulehemu tunapaka dawa kwenye kiungo kwa brashi, ili lehemu ikiyeyuka itiririke na kushika. Dawa hiyo ni kali. Usipoiosha vizuri inaila shaba, baada ya wiki mbili kiungo kinaota ukijani kama mkate ulioharibika. Kwa hiyo kuosha ni kazi yangu kubwa. Leo nimempa kipande, akakishika, akakipitisha kwenye mdomo wake wa chini taratibu.

"Kijana, hiki umekiosha?"

"Nimekiosha, Fundi."

"Kwa maji au kwa mate?"

Nikarudi nacho kwenye ndoo. Mara ya pili tena. Mara ya tatu akakiweka chini bila neno, hata "haya" hakusema.

Redio akaninong'oneza, "Vumilia. Mimi hunitupia mbao. Na hizo shaba anazibusu kuliko mkewe."

"Nimekusikia," mke wake akasema kutoka chumba cha mbele, ambako anashona mapazia. Sote tunamwita Mama. "Na ni kweli."

Machi 15

Leo Fundi amenifundisha kitu, tena bila kutukana. Labda alikuwa mgonjwa.

Shaba inapitisha moto kama umbea. Ukichoma hapa, pale umeshafika. Kwa hiyo ukilehemu kiungo kipya karibu na cha zamani, cha zamani kinaweza kuyeyuka na kuachia. Ndiyo maana tuna lehemu mbili. Ngumu inahitaji moto mwingi, hiyo tunaanza nayo kwenye mbavu kubwa. Laini inayeyuka kwa moto kidogo, hiyo tunamalizia nayo vitu vya juu yake, sakafu na vidude vidogo. Ukifuata mpango huo, kiungo cha mwanzo hakigutuki.

Fimbo zake zinafanana kabisa. Ngumu ameipaka nyekundu kwenye ncha, laini ameipaka nyeupe. Kila moja ina kopo lake kwenye rafu juu ya meza: ngumu kushoto, laini kulia.

"Hata nikifa," akasema, "ngumu kushoto."

Machi 22

Nimempigia Mama Watoto. Maji yanaingia chumba cha watoto, amekihamisha kitanda hadi mlangoni. Nikamwambia Aprili si mbali. Akasema, "Mvua haijui Aprili yako."

Machi 29

Amekuja Mhandisi wa reli, mama mmoja mwenye koti la mvua na viatu vya matope, kuangalia tumefika wapi. Upande mmoja wa daraja ulikuwa umekamilika, wa pili umebaki kidogo. Fundi alisimama wima kama askari, akamtajia vipimo vyote kwa kichwa. Mhandisi akamwonyesha mchoro, kuna namba zilizoandikwa kwa kalamu pembeni.

"Hapo wamerekebisha kidogo, Fundi. Unaonaje?"

"Kijana, soma," Fundi akaniambia. "Mimi namba nimezichoka."

Nikasoma. Niliona fahari, halafu nikaona hasira. Mtu mzima anajivuna kiasi cha kutotaka kusoma mwenyewe mbele ya mgeni! Mhandisi alimsifu sana. Mimi nilipewa kazi ya kumshikia mwavuli hadi kwenye gari.

Aprili 2

Mvua. Mvua. Redio anasema kama ikiendelea hivi atageuza masanduku yake kuwa mitumbwi.

Aprili 8

Leo sijui nianzie wapi.

Usiku wa jana mvua ilipiga upande wa dirisha, asubuhi nikakuta maji yanadondoka kwenye rafu, juu ya kopo la kulia. Lehemu ikilowa inashika uchafu. Nikalitoa kopo la laini nikaliweka mwisho wa kushoto, pakavu, na lile la ngumu nikalisukuma katikati. Nilifanya kama mtu yeyote anavyotoa nguo kambani. Sikusema, maana sikuona cha kusema. Rangi si zipo?

Mchana umeme ukakatika. Fundi alikuwa anaanza kulehemu vyuma vya sakafu kwenye ule upande wa pili, uliomalizika juzi tu. Alivuta meza karibu na dirisha, akapaka dawa, akanyoosha mkono kwenye rafu bila kuinua uso, akachukua fimbo. Mimi nilikuwa mlangoni kwenye ndoo.

"Lehemu vivu leo," nikamsikia. "Kijana, tikisa mtungi. Gesi inakwisha?"

Nikautikisa. "Bado nusu, Fundi."

"Basi ni hii baridi."

Akaongeza moto. Akangoja. Akaongeza tena. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavyojivunja kidole. Halafu mwingine. Halafu ubavu mmoja ukainama polepole, ukaubeba wa pili, na upande mzima ukalala mezani, vijiti vikaenda huku na huku kama kiberiti kilichomwagika. Kazi ya mwezi mzima. Redio alikuwa anapiga msumari, nyundo ikabaki hewani.

Fundi akazima moto. Akapapasa rafu, kopo la kwanza, kopo la pili.

"Nani kahamisha makopo?"

"Mimi, Fundi. Maji yalikuwa..."

"Wewe! Nilikwambia nini? Nilikwambia hata nikifa! Mkono wako unawasha? Ulizaliwa kuhamisha vitu? Rudi kwenye zege lako, huko hakuna kushoto wala kulia!"

Redio akaiokota ile fimbo chini, akaitazama. "Lakini Fundi, hii ina nyekundu."

"Nyamaza!"

"Nasema tu. Nyekundu hiyo hapo."

Akamnyooshea. Na Fundi akaigeukia ile fimbo kuitazama, ila hakuitazama. Alitazama pembeni yake kidogo, kwenye hewa, kama shubiri moja kando. Mimi nilikuwa mbele yake, nimeliona hilo.

Akatoka nje kwenye mvua, bila kofia.

Aprili 9

Asubuhi nilifunga begi langu. Sikuwa nimeamua kuondoka, nilitaka tu kuona likoje likiwa limefungwa. Nikapita chumba cha mbele. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Unatuacha, baba?"

"Sijui, Mama. Naomba nikuulize. Fundi anaona?"

Mguu wake ukasimama, cherehani ikasimama nayo.

"Redio amesema nini?"

"Redio hajaelewa. Angekuwa ameelewa tungeshamsikia."

Akacheka, halafu akajifuta uso kwa kipande cha pazia. Akaniambia. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alimpeleka mwaka jana, daktari akasema ni kitu cha kupasuliwa, wengi wanaona tena, lakini asingoje sana. Fundi akatoka pale akasema hatarudi. Kaka yake alipasuliwa zamani jicho moja na halikuona tena. Na jingine, akasema Mama, ni hili la kazi. "Ananiambia, watu wa reli wakisikia, nani atampa kipofu daraja?"

"Na anafanyaje kazi?"

"Kwa mdomo. Kwa vidole. Kila kitu mahali pake. Juzi amenikuta mlangoni akanisalimu, 'Karibu mama, unahitaji nini?' Miaka yote hii ya ndoa, nimekuwa mteja."

Nikakaa kwenye kigoda chake cha mapazia. Ule mdomo, kumbe. Ile namba aliyoichoka. Mwezi mzima nimemwandika humu kwamba ana roho mbaya, kumbe ni mtu anayeshika ukuta.

Mama hakuniomba kitu. Aliurudisha mguu wake akaendelea kushona, lakini nilimwona akipita mbali na mstari.

Aprili 10

Begi liko palepale, limefungwa. Fundi anazikusanya mbavu kwa vidole, moja moja, anazipanga kwa urefu. Hatujasemeshana.

Aprili 12

Leo Redio alikwenda kununua mbao. Nikaona ndiyo nafasi.

"Fundi, rangi ilikuwa kwenye fimbo."

Akaendelea kupiga tupa.

"Nilikosea kuhamisha bila kusema, hilo nimekubali. Lakini nyekundu ilikuwepo."

Tupa ikanyamaza. "Unataka kwenda kutangaza?"

"Nataka ukatibiwe."

"Daraja kwanza."

"Kwa macho ya nani?"

Nilidhani atanirushia ile jiriwa tunayobania vipande. Akakiinamia kile kipande alichokuwa anakipiga tupa. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kisu kwenye jicho, kijana. Uko macho, unakiona kinakuja. Wewe ungekubali?"

"Ningeogopa sana."

"Basi."

"Ningeogopa nikiwa nimeshafika hospitali."

Akaguna. Nikamwambia nilichokuwa nimepanga tangu jana. Jumamosi kuna basi. Nyumbani watoto wangu wanalala na beseni. Akikubali kwenda, sitapanda hilo basi, nitakaa hadi wamfungue bandeji, na mimi na Redio tutaurudia huu upande uliolala. Akikataa, Jumamosi naondoka, na makopo atayapanga mwenyewe.

"Unanitisha?"

"Nakutisha, Fundi."

"Mtu niliyemwokota kwenye zege."

"Huyohuyo."

Akachukua tupa, akapiga mara mbili tatu, akaiweka. "Na Mhandisi?"

"Mwambie ukweli."

"Wewe ni mtu mbaya," akasema. Kisha akamwita mkewe. Akamwambia aulizie hospitali.

Aprili 13

Nimempigia Mama Watoto kumwambia mwanzo wa Mei haitawezekana.

"Mpaka lini sasa?"

"Mpaka wamfungue bandeji. Katikati ya Mei."

"Huyo Fundi ni baba yako?"

"Hapana."

"Mjomba wako?"

"Hapana, Mama Watoto."

"Basi ana nini?"

"Kwa hii kazi hana mwingine."

"Na mimi ninao wangapi?"

Akakata simu. Niliishika hivyohivyo sikioni kwa muda, Redio akaniuliza kama naongea na mtandao wenyewe.

Aprili 16

Mhandisi amekuja. Fundi alivaa shati la kupigwa pasi. Hakumzungusha.

"Upande mmoja umeanguka, na umeanguka kwa sababu sioni. Naenda kupasuliwa. Ukitaka kuwapa wengine, michoro hii hapa."

Mhandisi akautazama ule upande uliobaki, akaizunguka meza. "Baba yangu amepasuliwa mwaka juzi," akasema. "Sasa anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, anatuchosha." Akasema atawaeleza wakubwa zake. Daraja la kweli haliwezi kubomolewa mto ukiwa umejaa namna hii, kwa hiyo katikati ya Juni inatosha.

Alipoondoka Fundi akakaa kwenye benchi ya Redio. "Nimebeba mwaka mzima," akasema, "na ilikuwa maneno ya dakika mbili." Redio akaondoa misumari yake apate kukaa vizuri.

Aprili 21

Tumeanza kurudia mbavu. Mimi nalehemu, Fundi amekaa nyuma yangu na kusikiliza. Anasikiliza kweli. Dawa ikichemka ina mlio, mlio ukikatika lehemu imeshuka. "Bado," anasema. "Bado. Sasa! Toa!" Nimeungua vidole viwili. Amenitukana vizuri, kwa moyo mkunjufu.

Aprili 27

Mvua imevunja ukuta wa jirani. Viungo vinne leo, viwili vya kurudia.

Mei 1

Mama Watoto hapokei simu. Amepokea binti yangu mkubwa, akasema mama yuko juu. Juu wapi? Simu ikakatika. Mvua ikinyesha huko mtandao unalowa.

Mei 6

Tumempeleka. Jicho la kulia kwanza, la kushoto litafuata akipona. Njiani alikuwa anamlaumu kila mtu, dereva, barabara, mimi. Kwenye benchi la hospitali akanyamaza. Muuguzi alipomwita alinishika mkono, juu ya kiwiko, akaubana kama jiriwa. Ikabidi muuguzi amfungue vidole kimoja kimoja.

Mimi na Mama tulikaa nje. Alikuja na pazia la kushona, hakushona hata pindo moja.

"Asipoona?" akaniuliza.

"Ataona."

"Sikuulizi uniambie hivyo. Nauliza, asipoona?"

Nikamwambia sijui. Akasema afadhali, angalau mtu mmoja hajui pamoja naye.

Mei 7

Wamemfungua asubuhi hii.

Daktari aliondoa bandeji, akamwambia afungue jicho taratibu. Likafunguka, jekundu, linatoa machozi. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, mvua inavyoteremka kwenye kioo. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Fundi," akamwita. "Mimi nani?"

Akamtazama. Akamtazama mpaka sote tukaanza kuona haya. "Wewe ni yule mteja," akasema. Mama akampiga na mkoba begani, daktari akakataza.

Halafu akanigeukia mimi. Akakunja uso.

"Huyu nani?"

"Si kijana wako," Mama akasema.

"Huyu?" Akanisogelea, jicho moja likinichunguza kama anavyochunguza kiungo. "Huyu ana mvi! Huyu ni mtu mzima!" Akakaa kitandani. "Miezi yote hii namtuma mtu mzima. Kijana, kijana. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, Fundi? Kwamba nina mvi?"

Tulicheka hadi muuguzi akaja kutufukuza. Nimerudi karakana peke yangu kwa miguu nikilowa, na sikuona vibaya.

Mei 10

Nilisema nitaondoka bandeji ikifunguliwa. Imefunguliwa. Lakini sakafu ya daraja haijaisha, na Fundi hajaruhusiwa kukaribia moto. Nimeamua tukabidhi kwanza. Katikati ya Juni, basi. Sijapiga simu nyumbani. Naogopa.

Mei 14

Nimepiga. Amepokea yeye mwenyewe, sauti nzuri.

"Mvua ipo huko?" nikamuuliza.

"Ipo, inanyesha sasa hivi. Sikiliza."

Akaielekeza simu juu. Nikasikia mvua kwenye bati, ngurumo tupu, bati jipya lina sauti yake.

"Nani amelipiga?"

"Mimi na kaka yangu. Siku tatu. Yeye alikuwa anashika, mimi napigilia. Halivuji hata tone, Baba Watoto, hata tone!"

Nikamwambia hongera. Nilifurahi, kweli nilifurahi, watoto wamekauka. Lakini nilipokata simu nilikaa kwenye benchi kama mtu aliyeibiwa. Mwaka mzima nimejiambia nitarudi kupiga paa. Sasa paa limepigwa. Nikirudi katikati ya Juni au katikati ya mwaka ujao, nani ataona tofauti?

Mei 17

Fundi ameruhusiwa kuangalia, si kushika. Akaanza na upande wangu. Alikaa nao tangu asubuhi hadi umeme ukakatika. Hiki kimepinda. Hiki lehemu imemwagika. Hiki ni kiungo au ni kidonda? Niliandika kila alichosema na nilifurahi kama niliyepewa zawadi, maana vyote alivitaja kwa jicho, mdomo hakuugusa.

Kisha akazunguka meza kuuangalia upande wake, ule ambao haukuanguka. Ulisifiwa na Mhandisi. Akainama, akaisogelea pembe moja. Nikajua kuna jambo.

Viungo vyake vina mabonge ya lehemu. Mimi nilikuwa nayaona muda wote, nikidhani ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ni vya Fundi. Vidole haviyahisi kwa sababu yako ndani, kwenye pembe. Akayahesabu mpaka akachoka kuhesabu.

"Na lile daraja nililojenga mwaka jana," akasema, "limeshakwenda. Liko mahali, watu wanalitazama."

"Linasimama, Fundi."

"Kusimama!" Akatoka. Mvua ilikuwa imekatika, akasimama uani akiangalia mikono yake, mbele nyuma, mbele nyuma.

Mei 19

Hajala vizuri. Mama anasema anashinda na lile jicho kwenye pembe za daraja.

Mei 21

Leo amekuja mapema kuliko sote. Nilimkuta na kisu kidogo cha kukwangua, anatoa bonge moja. Taratibu, kama anamtoa mtu mwiba. Likatoka. Akalipuliza vumbi, akalitazama, akachekelea.

"Daktari amesema moto," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Kisu hakukitaja."

Akanionyesha benchi nikae. Hajawahi kunionyesha benchi.

"Ndugu yangu," akasema. Niligeuka kuona kama Redio yuko nyuma. "Nina swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza kama ningekuona. Una watoto?"

"Watatu."

"Mdogo ana umri gani?"

"Nilimwacha ananyonya."

"Na unakaa hapa unafanya nini?"

Nikamwambia sakafu. Nikamwambia Juni, kukabidhi, Mhandisi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikajikuta namwambia na la bati: kwamba limeshapigwa, kwamba nilichokuwa narudia sasa hakipo.

"Kwa hiyo unaogopa," akasema.

"Sijasema naogopa."

"Mimi ninakuona."

Nikainama. Akasema sakafu atamalizia Redio, mkono wake ni mzito lakini ana subira kama akizibwa mdomo. Upande ule wenye mabonge si wa kusaidiwa. Ni kazi yake mwenyewe, na ataikwangua kwa jicho moja mpaka lipatikane la pili. Tarehe ya la pili ameshaichukua. Alikwenda jana na mkewe, bila kutishwa na mtu.

"Mimi nilikupa sharti gani ulipoanza kazi?" akauliza.

"Ngumu kushoto."

"Sasa nakupa lingine. Jumamosi kuna basi."

"Unanitisha, Fundi?"

"Nakutisha."

Mei 22

Nimempigia Mama Watoto. Nikamwambia nakuja, na nikamwambia ukweli, kwamba sijui nitafanya kazi gani nikifika, maana ya paa ameimaliza.

"Wewe njoo," akasema. "Siku ya kwanza sikupi kazi. Utakaa tu, tukuone."

Redio amenipa sanduku dogo la mbao bila kusema ni la nini. Nilipomuuliza akasema, "La kukaa." Mama amenishonea pindo la suruali lililokuwa linaburuta tangu nije. Fundi yuko kwenye pembe ya kumi na kitu, hataki kusemeshwa.

Basi linaondoka Jumamosi alfajiri na kulala njiani. Mto ukituruhusu kuvuka, natarajia kufika nyumbani Jumapili mchana.